Bamba Lenye Namba Kubwa

Mwamvua, mwenye mkahawa kule Muheza, alishasema: samaki wakifika wamelegea tena, atatafuta mchuuzi mwingine. Kwa hiyo Semeni, mchuuzi aliyekuwa akimpelekea samaki hao, alimchukua mjukuu wake Nasma, anayesoma chuo cha ufundi, wakaenda dukani kwa Abdulghani, Ngamiani, kutafuta kitu cha kuzibia joto ndani ya kasha la samaki.

"Shikamoo, bibi," alisema Abdulghani, akamsogezea kigoda kabla hajaeleza shida yake. Semeni aliuona wema huo.

Yalikuwapo mabamba mawili ya povu gumu, unene mmoja. Moja liliandikwa 0.040, na la pili, lililotoka Marekani, 0.24.

"Chukua hili la kwanza," alisema Abdulghani. "Namba ikiwa ndogo, joto halipiti. Hilo la pili ni wavu."

"Tupe la pili," alisema Nasma.

"Haa! Bibi, huyu anataka samaki wako waivie njiani!"

Nasma akacheka. "Bibi, si unajua sufuria inavyounguza mkono, na mwiko wa mti umo humo humo unaushika tu? Kila kitu kina kiasi chake cha kupitisha joto, na namba hizi ndizo kiasi hicho. Lakini la kwanza limepimwa kwa wati, mita na digrii za Selsiasi. Hili limepimwa kwa inchi, futi na Farenhaiti. Ukitaka kulirudisha kwenye kipimo chetu, zidisha kwa 0.144." Akabonyeza simu, akamwonyesha Abdulghani: 0.035.

Abdulghani alikuna kidevu. Semeni akauliza, "Ni kama mmoja ana pishi moja ya mchele na mwingine ana vibaba vitatu?"

"Ndiyo hasa, bibi!"

"Basi mwenye vitatu ndiye mwenye kidogo. Pishi ni vibaba vinne. Abdulghani mwanangu, nikatie hilo la Marekani."

"Nimeshindwa na wanawake wawili," alisema Abdulghani, akalikata mwenyewe kwa kipimo cha kasha, taratibu, lisimeguke pembe.

Kesho yake, jua la mchana likiwaka, Mwamvua alifungua kasha kwa mkono wake. Barafu ilikuwa bado mabonge. Alimbonyeza samaki mmoja, changu, ubavuni. Nyama ikarudi palepale.

"Semeni," alisema, "keshokutwa niongezee na kolekole."