Sauti ya Pini

Sauti ya Shangazi Wembe ilizaliwa kati ya pini. Kila fundi cherehani ana mahali pake pa kuweka pini akiwa kazini: mwingine huzichoma kifuani, mwingine kwenye kijimto alichofunga mkononi. Mama Tone alizibana kwa midomo, na akitaka kusema ilibidi maneno yapenye kwenye meno, membamba, yakifuka kama mvuke wa pasi. Wateja walishazoea. Ukiambiwa "geuka" na fundi mwenye pini mdomoni, unageuka upesi.

Siku ile ya kwanza Tone, binti yake, alikuwa anaota magego, analia tangu kumekucha. Mezani palikuwa na gauni la bibi harusi lisilo na mikono wala pindo, na mwenyewe anakuja kulichukua jioni. Fundi alimgeukia mwanawe akasema kwa meno: "Lia. Lia mpaka uchoke. Wewe si wa kwanza kuzaliwa."

Msusi wa chumba cha jirani alikuwa amesimama mlangoni, chanuo limechomekwa kichwani. Alicheka mpaka akashikilia fremu ya mlango.

"Mama Tone, utaniua mtoto wa watu! Umekuwa shangazi yangu mtupu, yule aliyetulea kwa fimbo. Hebu rudia nikurekodi!"

Akarudia. Safari hii alijitanda kipande cheusi cha bitana, akaazima miwani ya msusi akaiteremsha puani, akajiita Shangazi Wembe, akatia chumvi. Tofauti ilikuwa hapo hapo, na ilimchukua muda mrefu kuiona: mara ya kwanza hakuwa anaigiza. Maigizo yalianza mara ya pili.

Mtandaoni Shangazi Wembe alipokelewa kwa nderemo na kwa mawe. Waliomtukana walirudi kesho yake kumtukana tena, na waliomcheka waliwaita wenzao. Shangazi alisema mtoto wa kubebwa-bebwa uti wake wa mgongo haukomai. Alisema akianguka mwache, ardhi nayo ni mwalimu. Na kila video aliimalizia kwa kuinua kidole: "Mtoto akilia, Shangazi anakuja."

"Wamewaka, mwenzangu!" msusi alikuwa akija mbio na simu. "Huyu anataka ufungwe. Mchochee kidogo."

Naye alichochea. Na ilikuwa tamu, kusema kweli. Kutwa nzima ulimi wake ulikuwa wa "karibu", "samahani", "kesho litakuwa tayari". Ndani ya kile kitambaa cheusi aliishi mwanamke asiyemwomba mtu radhi. Akimaliza kurekodi alimvua, akamtundika kwenye sanamu ya kupimia nguo pale pembeni, kitambaa mabegani, miwani shingoni. Sanamu haina kichwa, lakini mara nyingi fundi alihisi inamtazama.

Tone alishinda chini ya meza, akipanga vifungo kwa rangi zake. Kadiri miezi ilivyopita alizidi kuwa mtulivu ajabu.

"Mama, una bahati," wateja walimsifu. "Wangu angekuwa ameshabomoa ukuta."

Fundi alitabasamu. Aliamini mtoto amekua.

Basi ikaja alasiri moja ya mvua. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya sanamu, anapinda sketi, pini zimejaa mdomoni. Kwa pembe ya jicho akamwona Tone anaokota vifungo kwa mkono wa kushoto. Tone si wa kushoto. Ule wa kulia alikuwa ameuficha ndani ya gauni, kama kifaranga.

"Mkono umefanya nini?" akauliza, na pini mdomoni.

Tone akasimama wima. Akakaza midomo mpaka ikapauka, macho ameyatoa pima.

"Silii, Shangazi," akasema. "Ona. Silii."

Pini zilimdondoka fundi zikatawanyika sakafuni. Aliuvuta ule mkono taratibu. Kiganjani palikuwa na alama ya ncha ya pasi, ngozi imevimba na kuchunika, jeraha la tangu jana. Jana! Akakumbuka pasi kusogea mezani, akakumbuka kwamba baada ya hapo hakusikia kitu, akaendelea kushona.

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Maneno hayo yalimwandama njia nzima mpaka zahanati, mtoto kifuani, mvua mgongoni. Muuguzi alisafisha kidonda, na Tone akatazama ukutani bila kutikisika.

"Loo, shujaa wangu!" muuguzi akasema. "Watu wazima hulia hapa. Umemlea vizuri, mama."



Waliporudi, msusi alikuwa anawangoja. Alipoiona bandeji na kusikia kisa chote, alikaa kwenye kigoda, akaliweka chanuo chini.

"Na mimi nilikuwa nacheka," akasema.

"Wote tulicheka. Shika simu. Nirekodi nilivyo."

Hakujitanda wala hakuvaa miwani. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, ambayo ilimtoka kama nguo iliyokaa sana sandukuni: kwamba hakuna Shangazi, kwamba mwanawe ameungua akanyamaza kwa kumwogopa, kwamba mtoto akilia abebwe. Alilia katikati. Msusi akairusha video hivyo hivyo, bila kukata.

Majibu yakaanza kumiminika. "Shangazi leo katoa machozi! Kipaji hicho!" "Mbavu zangu jamani." "Sehemu ya pili lini?" Alipoandika kwamba ni kweli, wakacheka zaidi. Katikati ya vicheko hivyo mwanamke mmoja asiyemjua alikuwa ameandika: "Mimi nilimwacha alie, kama ulivyotufundisha. Sasa halii kabisa, hata akiamka. Asante, Shangazi."

Fundi aliyasoma maneno hayo mara ya pili. Akaandika haraka: "Nenda kambebe. Sasa hivi, dada yangu, nakuomba."

Yule mwanamke akajibu kwa vikaragosi vinavyocheka.

Akaandika tena. Hakujibiwa.

"Zima hiyo simu," msusi akasema kwa upole. "Hao huwezi kuwafikia leo. Huyu wa chini ya meza unaweza." Akaondoka kwenda chumbani kwake.

Fundi akainama, akatambaa chini ya meza, akakaa kati ya vifungo huku magoti yamegusa kidevu.

"Tone. Shangazi hayupo. Alikuwa mama tu, anacheza."

Alidhani anampa mtoto faraja. Tone alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye mguu wa meza, na fundi akaelewa alichokuwa amemwambia: yule unayemwogopa ndiye anayelala na wewe kitanda kimoja.

"Alikuwa anacheza na nani?" Tone akauliza.

Fundi akaokota kifungo kilichopotea, akakirudisha kwenye rangi yake.

"Ile siku ya kwanza hakuwa anacheza," akasema mwisho. "Mama alikuwa amechoka, akasema maneno mabaya. Watu wakacheka, mama akayarudia. Nisamehe, mwanangu."

Tone alifikiri, kifungo cha bluu mkononi.

"Fungua mdomo."

Fundi akafungua. Mtoto akasogea, akamshika kidevu kwa mkono mzima, akakigeuzia kwenye mwanga wa dirisha, vile vile mama yake anavyofanya na sindano akitafuta tundu. Akachungulia chini ya ulimi. Akachungulia mashavuni. Alichukua muda mrefu sana, na fundi hakuthubutu hata kumeza mate.

Kisha Tone akaunyoosha mkono wenye bandeji.

"Inauma," akasema, na midomo yake ikaanza kucheza, ikapinda, na kilio kikatoka, kile kilio kikubwa cha kukata pumzi ambacho chumba hicho kilikuwa kimesahau.

Msusi alirudi mbio. "Kuna nini tena? Kaumia?"

"Analia!" fundi akasema, amemkumbatia, naye machozi yanamtiririka huku anacheka meno nje. "Msikie, mwenzangu! Analia!"

Siku hizi pini zinakaa kwenye kijimto mkononi. Kile kitambaa cheusi amekikata kuwa bitana za mifuko, na wateja huingiza mikono humo bila kujua. Sanamu imegeuzwa ukutani. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha cherehani, fundi humtafuta yule mwanamke mtandaoni, humwandikia tena, chini ya maneno yake ya jana yasiyojibiwa.

Na Tone, kila akiwa na jambo la kweli la kusema, ameota ndoto au amejigonga goti, huja kwanza akasimama mbele ya mama yake.

"Fungua mdomo."

Fundi huweka mkasi chini, akafungua. Hubana pumzi akingoja, kwa sababu hata yeye hana hakika mtoto ataona nini humo. Mpaka leo, mtoto ametazama, ametikisa kichwa kwamba hamna mtu, akapanda mapajani.