Waya wa Pampu ya Chumvi

Adui akikujia mwenyewe mlangoni, huna haja ya kumfuata. Siku moja ya mwaka 1986 Laban alisukumiwa gari lake la Pijo hadi karakana ya Badawi mjini Malindi, betri imekufa, na kumbe hakujua karakana ni ya nani. Pamoja naye alikuwa Bwana Mwaura, meneja wa kiwanda kimoja cha chumvi huko Marereni.

Badawi aliwaamkia kwa adabu huku moyo unamchemka. Miaka minne nyuma alikuwa fundi umeme wa kiwanda hicho. Bunda zima la waya wa pampu likapotea. Laban, mwenye stoo, akaapa kwamba kalichukua Badawi, na Mwaura akatia sahihi afukuzwe. Wiki hiyohiyo baba yake Batuli, mchumba wake Badawi, akairudisha posa. "Simwozi mwanangu kwa mwizi," alisema, na mji mzima ukasikia.

"Linakula betri," alisema Laban, macho pembeni. "Nyaya usizifungue, nimezifunga mwenyewe."

Badawi akaazima betri, akawasha injini, akaleta mita yake. Kwenye betri alipata volti kumi na mbili. Nyuma ya alteneta, ile inayozalisha umeme wa gari, kumi na nne na ushei. Umeme ulikuwa ukizalishwa ila haufiki. Ubaya ulikuwa njiani. Akaugusa waya utokao hapo kwenda kwenye betri, ukamchoma kwa joto. Akazima injini, akauchana utepe mweusi uliozungushwa kote. Shaba ilikuwa imeliwa na chumvi, kijani kitupu, na kwenye mpira wake kulikuwa na vitone vitatu vya msumari wa moto.

Alivijua vitone hivyo. Kule kiwandani alama ya rangi haidumu, chumvi huila, ndiyo maana yeye Badawi alikuwa akiuchoma kila waya vitone vitatu kila hatua moja, kwa mkono wake.

Shetani akamnong'oneza: tia waya mwembamba, gari liungue kabla ya kufika Gongoni, njiani kurudi Marereni. Akamkatalia, wala si kwa wema. Gari likiungua, Laban atapewa pole. Badawi hakutaka apewe pole hata na paka.

Basi akaifanya kazi kwa haki: waya mpya mnene, ncha zikabanwa, zikapakwa grisi. Akapima tena, betri sasa ilipata kumi na nne. Kisha, kama ilivyo ada ya mafundi, akarudisha kitu kikuukuu kilichotolewa. Ila hakumpa Laban. Alimpa Mwaura, akamwonyesha vile vitone kwa kidole.

Mwaura akavitazama. "Alama hii naijua. Pampu zetu zote zinayo." Akamtazama Laban, kisha akamgeukia fundi. "Badawi, rudi kazini, hata kesho."

"Kazi ninayo, bwana. Nataka huyu aende kwa baba yake Batuli, na waya huo shingoni, akamwambie mwizi ni nani."

Laban akapiga magoti kwenye mchanga wenye mafuta. "Badawi ndugu yangu, nisitiri! Batuli kashaolewa, ana watoto wawili. Itakufaa nini sasa?"

"Haitanifaa kitu," alisema Badawi. "Nenda."