Kisanduku cha Kwanza

Jedidah alikuwa akimwosha mtoto wa siku tisa kwenye beseni pikipiki ilipoingia uani. Hakuinua kichwa. Mkono mmoja ulishika shingo ya mtoto, mwingine ukapitisha kitambaa makwapani. Kando yake Ciakuthii, nyanya wa mtoto, alikuwa akipoza maziwa. Mama wa mtoto, Regina, alizikwa Jumamosi nyuma ya migomba.

Aliyeshuka alikuwa Mutugi, afisa wa afya wa kaunti ndogo.

"Poleni sana," akasema. "Nimekuja na fomu tu. Mama akifa akijifungua lazima ijazwe, ndio serikali ijue shida ilikuwa wapi. Nimeshaijaza. Jedidah, wewe ndiye mhudumu wa afya wa hapa kijijini. Weka tu sahihi."

Jedidah alimpa Ciakuthii mtoto, akafuta mikono. Fomu ilikuwa na visanduku vitatu: familia ilichelewa nyumbani, usafiri ulichelewa, huduma ilichelewa hospitalini. Tiki ilikuwa kwenye cha kwanza.

"Daktari, huyu hakuchelewa. Tulifika zahanati saa tatu asubuhi. Alikuwa anatembea na miguu yake."

Muchangi, mume wa Regina, alikuwa ameketi kizingitini. Tangu mazishi hakuwa amechuma kahawa yake, na ilikuwa imeiva.

"Watu wanasema ningemtoa usiku," akasema polepole. "Uchungu ulianza saa kumi na moja alfajiri. Mimi nikangoja kupambazuke."

"Muchangi, hapo hukuchelewa," Jedidah akasema.

"Sasa hiyo karatasi inasema nilichelewa, Jedidah?"

Jedidah aliitazama tena ile tiki. Alikuwa zahanati mtoto alipozaliwa, saa sita na nusu mchana, akalia vizuri. Kisha damu ikaanza kumtoka Regina, ikakataa kusimama. Sista Winrose, muuguzi pekee wa zahanati, alimdunga dawa ya kuzuia damu, akamdunga tena. Haikusaidia. Dawa ile hutakiwa kukaa kwenye baridi, na friji ilikuwa imekufa tangu mwezi wa pili. Winrose alikuwa ameandika barua tatu kuomba itengenezwe. Ambulansi iliitwa saa saba, ikafika saa kumi na robo. Regina alikata roho kabla hawajaingia barabara ya lami.

Mutugi alimvuta Jedidah kando, karibu na miti ya kahawa.

"Madam, sikiza. Nikiweka tiki hapa kwa kisanduku cha tatu, nani atabeba? Ni Winrose. Atasimamishwa kazi, na hiyo zahanati ifungwe, maana hakuna mwingine. Unataka hivyo?"

Jedidah aliona tena mikono ya Winrose ikimkanda Regina tumbo bila kupumzika.

"Basi andika friji."

"Hakuna kisanduku cha friji."

"Na ambulansi?"

"Hiyo ni ofisi yetu. Bosi hawezi pitisha." Akashusha sauti. "Lakini familia haina kazi ya kufutwa. Hapo hakuna mtu ataumia."

Jedidah alimtazama Muchangi pale kizingitini. Alikuwa anaangalia viganja vyake kama mtu aliyeangusha kitu.

Akachukua kalamu, akakata ile tiki. Akageuza fomu, akaiweka juu ya kigoda, akapiga magoti na kuanza kuandika.

"Unaharibu," Mutugi akasema. "Kompyuta haisomi nyuma ya karatasi. Itarudishwa."

Jedidah aliandika. Aliandika saa, na friji, na barua tatu, na jinsi sista alivyopambana. Akatia sahihi na nambari yake ya kitambulisho.

"Madam, hiyo simu ya kazi uliyopewa inaweza kuchukuliwa, unajua?"

"Najua."

Mutugi alinyoosha mkono apewe fomu. Lakini Ciakuthii alikuwa amesogea, mtoto begani.

"Umeandika nini?"

"Vile tuliona, nyanya."

"Soma. Na usome Kiembu."

Jedidah akasimama, akasoma. Saa waliyotoka nyumbani, saa waliyofika, saa ya mtoto, sindano ya kwanza, sindano ya pili, kupiga simu, kungoja. Mutugi alisimama na kofia yake ya pikipiki mkononi. Hakuna aliyemkaribisha kiti.

Alipomaliza, Ciakuthii alimhamishia mtoto bega la pili.

"Rudia hapo mlipofika saa tatu," akasema. "Muchangi asikie."