Pilipili Hoho ya Sita

Barni alikuwa amekaa mkekani, tasbihi mkononi, lakini macho yake yalikuwa jikoni. Alikuwa akimtazama wifi yake, Sirad, akikata vichwa vya pilipili hoho kwa kisu kidogo, na kila kichwa kilipodondoka kwenye sinia, moyo ulizidi kumwambia kwamba mwanamke huyu ana jambo.

Si pilipili zilizomsumbua, ingawa nazo zilikuwa kitu cha ajabu. Kwao Tarbaj watu walikula nyama na mchele, wakanywa maziwa, na majani wakawaachia mbuzi. Kilichomsumbua ni Sirad mwenyewe. Abshir, mdogo wake Barni, dereva wa lori la mifugo, alikuwa amemwoa mwanzoni mwa mwaka huo wa tisini na nne, akamtoa kambi ya wakimbizi ya Ifo na kumleta hapa Garissa. Mke wa kwanza wa Abshir alikuwa amefariki, na tangu siku hiyo Barni ndiye aliyewalea watoto, Hinda na mdogo wake Fathi.

"Hana mtu duniani," Abshir alikuwa amemwambia dada yake. "Vita vimemmalizia wote."

Barni alitoa pole, kisha akaanza kuchunguza. Asiye na mtu, mbona kila Abshir akisafiri hujitanda shungi alasiri na kutoka, eti anakwenda kwa jirani? Mbona hurudi macho mekundu? Na siku za karibuni chakula nacho kilikuwa kinapungua. Anjera za asubuhi, zile chapati laini zilizofunikwa vizuri kwenye sahani, mchana zilikuwa chache, na watoto waliapa kwamba hawakuzigusa.

Leo Abshir alikuwa anarudi kutoka Nairobi. Barni alikuwa ameamua: akishakula na kupumzika, atamweleza kila kitu.

"Hii italiwa na nani?" Hinda aliuliza. Alikuwa amepewa kijiko akwangue mbegu, akawa anazikwangua kwa ncha ya kidole, pua ameikunja.

"Na wewe," alisema Sirad.

"Majani ni ya mbuzi."

"Mbuzi wenu hawajui kuyajaza nyama."

Fathi alicheka, kisha akakumbuka kwamba shangazi yake anatazama. Aliinama juu ya bakuli la nyama iliyokatwakatwa ndogondogo na kuchanganywa na wali, vitunguu na viungo vya hawaji. "Kuna nini humu?"

"Jaza yako mwenyewe, ndipo utajua kilichomo."

Basi mtoto akajaza. Akashindilia kwa kidole gumba mpaka pilipili ikapasuka ubavuni, na Sirad hakumkaripia. Aliifunga kwa uzi tu, kama mtu anayefunga kidonda. Hinda alipoona hivyo, naye akataka kujaza yake. Barni akazungusha tasbihi. Anawavuta taratibu, alijiambia. Anajua anachofanya.

Zilipojazwa zote, Barni alizihesabu. Zilikuwa sita.

"Sisi ni watano," alisema. "Ya sita ya nani?"

"Ya akiba tu, abaayo," Sirad alijibu bila kuinua macho, akimwita dada kwa Kisomali. "Huenda akaja mgeni."

Halafu Barni akaona kitu kingine. Sirad aligeuka kumpa mgongo, akafungua fundo la pembe ya shungi lake, akatoa karatasi iliyokunjwa na kumimina vitu vyeusi ndani ya pilipili ile ya sita. Akaifunika upesi kwa kichwa chake, akaipanga kando ya sufuria peke yake, akaweka mfuniko na kuupakia makaa ya moto.

Dawa, Barni aliwaza. Anataka kumfunga mdogo wangu asione wala asisikie. Alisogeza mkeka karibu na mlango wa jiko, akaapa kwamba pilipili ile haitafika kwenye sahani ya Abshir.

Abshir alifika jua likikaribia kuzama, vumbi la safari mpaka kwenye kope. Aliwasalimu, akawashika watoto vichwa, akaenda kuoga. Barni alipogeuka tena jikoni, sufuria ilikuwa wazi. Pilipili zilikuwa tano. Sirad hayupo.

Kumbe si ya Abshir. Ni ya mtu mwingine.

Barni alivaa kandambili zake na kutoka. Alimwona Sirad akipita upande wa pili wa ua, kitu amekishika chini ya shungi, akaingia kwenye vyumba vya kupanga alikokaa Gacheri, mwalimu wa nasari aliyetoka Meru. Barni alimfuata mpaka mlangoni. Ndani alisikia kicheko. Kilikuwa cha Sirad, na katika miezi yote ile alikuwa hajawahi kumsikia akicheka hivyo.

Gacheri alikuwa nje, anafua.

"Karibu kiti, mama," alisema.

"Mimi hataki kiti," Barni alisema kwa Kiswahili chake. "Mimi nauliza, mwanaume gani iko ndani?"

Gacheri alisimama, akajipangusa povu kwenye leso. "Mwanaume? Hapa kuna mtoto tu. Ingia umwone. Nilishamwambia Sirad amweleze mumewe mapema, mimi nimechoka kuficha mtoto wa watu kama ng'ombe wa wizi."

Barni alisukuma mlango. Juu ya kitanda cha Gacheri alikaa msichana mdogo, mwembamba, sahani mapajani. Alikuwa ameichambua pilipili, anatoa zabibu kavu mojamoja na kuzila kwanza. Alipomwona Barni aliacha kutafuna, akaifunika sahani kwa mikono yote miwili.

Sirad aliinuka.

"Ni Warsan," alisema. "Ni binti yangu. Baba yake walimuua vitani Baidoa. Nilimwacha Ifo kwa shangazi yangu. Sasa shangazi amepata ndege ya kuhamia ng'ambo, akampakia kwenye lori kuja kwangu. Kabla ya hapo nilikuwa nikija hapa kumlilia tu."

"Ulisema huna mtu."

"Wazee kambini waliniambia hakuna atakayenioa nikiwa na mtoto wa mwingine. Abaayo, nakuomba. Ataniacha."

Hili ndilo neno Barni alilolitafuta miezi yote, sasa limemwangukia mkononi, zima, na uongo ulikuwa uongo kweli. Angeweza kurudi na kulisema kabla ya magharibi. Lakini mtoto alikuwa bado ameishika ile sahani kama anayesubiri kunyang'anywa.

"Chukua sahani," Barni alimwambia msichana. "Huwezi kula kwa jirani wakati mama yako ana nyumba."

"Ataniacha," Sirad alirudia.

"Akikuacha, akuache ukiwa umekula na mwanao."

Abshir alikuwa amekaa na watoto kwenye mkeka walipoingia. Alimtazama msichana, akamtazama dada yake.

"Huyu ni nani?"

"Muulize mwenyewe," alisema Barni.

"Wewe ni binti wa nani?"

Mtoto akanyoosha mgongo. "Mimi ni Warsan Zakariye Shirwa Ahmednoor," akaanza, akaendelea kutaja babu mmoja juu ya mwingine bila kukwama, kama anayesoma Kurani chuoni. Abshir alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mama yako?"

Warsan alikuwa amekatazwa kulisema hilo. Aliangalia miguu yake.

"Ni mimi," alisema Sirad.

Abshir hakupaza sauti. "Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza mara mbili."

"Niliogopa."

Abshir aliinuka, akavaa kofia, akaenda msikitini bila kugusa chakula. Barni aliujua uso ule tangu utotoni, na hakujua utarudi na nini. Watoto walikula, kwani watoto hawangoji. Fathi alimaliza yake, akachungulia sahani ya mgeni na kuuliza kwa nini yake ina zabibu. Warsan alifikiri, akampa moja.

Abshir alirudi baada ya isha. Alikaa mahali pake, akavuta sahani iliyopoa.

"Kesho ataenda chuo na Hinda," alisema. Kisha akamgeukia mkewe. "Lakini mimi na wewe hatujamaliza."

Na kweli hawakumaliza upesi. Kwa muda mrefu Sirad akisema ametoka sokoni, Abshir aliuliza nani alimwona huko. Sirad alijibu kila mara bila kununa, mpaka siku moja Abshir akasahau kuuliza.

Barni aliamua kurudi Tarbaj mvua zilipokwisha, alipoona Fathi akiamka usiku anamwita Sirad badala yake. Iliuma, lakini alifunga mizigo. Pale stendi, Sirad alimshika mkono.

"Sasa unaniamini, abaayo?"

"Kidogo," alisema Barni, akapanda gari.