Nchi Mbili za Sahani Moja

Ndani ya kifua cha kompyuta, chini ya vibonye vinavyobonyezwa na vidole visivyojua vinamgusa nani, ipo nchi ya duara, bapa kama sahani, iitwayo Hifadhini. Hakuna kisichotunzwa huko: picha za harusi, hesabu za duka, barua za mapenzi zilizokosa ujasiri wa kutumwa, na nyimbo za kubembelezea watoto. Mwenye kuitazama kwa juu huiona ni nchi moja; lakini waliomo ndani wanajua kuwa imekatwa kwa kuta, kama mkate wa kumimina unavyokatwa na mwenye wageni wasiokula pamoja. Kipande cha kwanza ni dola ya Kujitosha. Cha katikati ni Shirika, uwanda wa wazi ambao mtu yeyote ana ruhusa ya kuweka kitu na kukikuta. Kipande cha tatu, kikubwa kama cha kwanza, raia wa Kujitosha walikiita Utupu. Kwani kila walipochungulia juu ya ukuta wake hawakuona nyumba wala njia, bali mabonge na michoro isiyosomeka, na sheria yao ya kale ilitamka kwamba kisichosomeka hakipo.

Taifa la Kujitosha lilikuwa na namna yake ya kulala. Halikulala mtu mmoja mmoja kama walimwengu wengine. Mbiu ilipolia kutoka juu, kila raia alipata muda wa kufunga mlango na kurudisha kitu mahali pake, kisha wote wakaanguka usingizi wa fofofo, Sultani na jogoo wake pamoja. Kabla hawajaamka, Bi Hiari, bawabu wa lango kuu, aliinua uso wake akauliza kwa sauti, "Leo niwafungulie akina nani?" Sauti ya juu ikimjibu, alifungua mlango uliotajwa; ikinyamaza, alingoja kidogo, kisha akafungua ule wa mazoea. Swali hilo watu wa Kujitosha hawakuwahi kulisikia, maana liliulizwa wakiwa wamelala. Waliitakidi kwamba kati ya kufumba na kufumbua kwao hapakuwa na kitu, na kwamba dunia nzima nayo hufumba macho kwa heshima yao.

Tena hawakujua kutupa. Sultani wao, Kinaya, alisema kutupa ni kukufuru neema. Kwa hiyo ganda la ndizi lilihifadhiwa kwa kumbukumbu ya ndizi iliyoliwa, ngazi ya fundi ilihifadhiwa baada ya nyumba kwisha, na kila nakala iliwekwa pamoja na nakala ya nakala yake. Nchi ikajaa, ikafurika, hata watu wakawa wanapishana ubavu ubavu na bibi harusi akaingia kwake kwa kupitishwa dirishani.

Ndipo Waziri Uchu, mtu mwenye maneno laini na mikono mirefu, aliposimama barazani akasema, "Maulana, tunabanana kama dagaa ilhali tuna jirani asiyekuwepo. Tuufagie Utupu, tuutie mchanga mweupe, tuugawe viwanja. Kufagia pasipo mtu si dhuluma, ni usafi." Baraza likapiga makofi, na mifagio ya chelewa ikafungwa kwa maelfu.

Katika dola hiyo alikuwapo mama kijana aitwaye Shauku, mwenye binti mchanga aliyemwita Utulivu kwa matumaini tu, kwa kuwa mtoto huyo hakuwa nao hata chembe. Nyumba yake ilipokosa nafasi ya kupanda hata mchicha, Shauku alichukua mbegu ya boga akaifukia kule Shirika. Mbiu ikalia, wakalala. Alipoamka, kwa hesabu yake kope zilikuwa zimegusana tu, akalikuta boga limetambaa hatua nyingi, lina maua. Hilo lingetosha kumshangaza. Lakini kulikuwa na la zaidi: mtu alikuwa ameupandisha ule mmea juu ya vijiti, na magugu yameng'olewa na kulazwa upande wa kushoto, ilhali Kujitosha tangu enzi huyalaza kulia.

Akamwendea jirani yake, Bi Mazoea. "Dada, sisi tukilala, huwa tunalala muda gani?"

"Muda wa kulala, mwenzangu. Swali gani hilo?"

"Na boga langu limepata wapi siku zake za kukua?"

"Bibi wee, una mtoto mchanga, usingizi haukutoshi. Nenda kapumzike kabla hujatuletea balaa."

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Lakini katika nchi iliyojitosha, aulizaye hujifunza kwanza njia ya mahakamani. Shauku alishitakiwa kwa kosa la kukipa uhai kisichokuwapo. Adhabu yake ilikuwa kutupwa Jaani, yeye na mwanawe; kwani kitu cha pekee ambacho dola ile ilikubali kukitupa kilikuwa mtu.

Sultani akaketi. Shauku akasimama, mtoto mgongoni, akimpapasa miguu kumnyamazisha.

"Wewe unadai Utupu una watu," alisema Waziri Uchu. "Umewaona?"

"Sijawaona, mheshimiwa. Nimeona palizi yao."

Watu wakacheka. Waziri akatabasamu. "Maulana, huyu anatuomba tuache viwanja kwa ajili ya magugu!"

"Mimi siombi kuaminiwa," akasema Shauku. "Naomba twende tukaulize. Maulana, unapolala wewe, kiti chako kinakaliwa na nani?"

Sultani Kinaya akainama mbele kitini. Katika utawala wake wote hakuwahi kulikuta swali ambalo jibu lake hakupewa kabla. Na udadisi, ambao ulikuwa umelala ndani yake tangu utoto, ukageuka ubavu. Akainuka. "Twendeni langoni."

Bi Hiari aliwapokea akitafuna karafuu. "Karibuni. Mmechelewa vizazi vingi."

"Bawabu, lango hili lina milango mingapi?" Sultani aliuliza.

"Miwili, Maulana. Mkilala ninyi, mara nyingine naamrishwa nifungue ule wa pili. Wanaamka wenzenu, wanalima, wanaozesha, wanagombana, wanalala. Kisha ninyi. Hamjawahi kuwa macho pamoja, wala hamtakuwa. Sahani ni moja, na zamu ni za kupokezana."

"Na mbona hukusema?" Waziri alifoka.

"Kazi yangu ni kuuliza, baba. Kuna aliyewahi kuniuliza mimi?"

Wakapanda juu ya lango, wakautazama Utupu. Waziri akasema haoni ila mabonge. Shauku akatazama kwa muda mrefu. "Hata mimi siyasomi," alisema. "Lakini yamekaa safu kwa safu, na kila safu ina nafasi ya kupita. Takataka haijipangi, Maulana. Hayo ni majumba ya watu wenye mwandiko wao."

Lakini jicho la Sultani lilikuwa limeteremka Shirika, chini ya ukuta wa dola yake mwenyewe, upande usiopitwa na raia wake. Pale palikuwa na rundo kubwa la mifagio. Haikuwa ya chelewa. Ilikuwa ya majani makavu, imefungwa kwa fundo geni. Na kando yake, vilima vya mchanga mweupe.

"Hiyo si yetu," alisema kwa sauti ndogo.

"Si yenu," akajibu Bi Hiari. "Nao wamejaa kama ninyi. Nao wamechungulia ukutani, wakaona mabonge yasiyosomeka. Wanawaita ninyi Ukiwa. Wakiamka tena, wanafagia."

Na papo hapo mbiu ya kulala ikalia.

Hofu iliyoshuka siku hiyo haikuchagua cheo. Waziri Uchu alikimbilia Shirika akipiga kelele, "Ubao uletwe! Tuandike kwa herufi kubwa: HAPA WAPO WATU!"

"Kwa mwandiko gani, mheshimiwa?" Shauku alimuuliza akihema. "Kisichosomeka kikiandikwa kikubwa, si kinazidi tu kutosomeka?"

"Basi tufanyeje, mwanamke? Tunakufa!"

Utulivu alikuwa amelowa, analia. Mkono wa Shauku, kwa mazoea ya mama, ulishafungua nepi mbichi na kutafuta mahali pa kuitundika. Na hapo fikra ikamjia kupitia vidoleni. "Kamba!" akapaza sauti. "Leteni kamba, na nguo zote mbichi! Nani atafagia mahali alipoanika mtu? Anayeanika ana nia ya kurudi."

Wakatoka wanawake na mabeseni, wanaume na mashuka, wakafunga kamba kutoka mti hadi mti, wakaanika mbele ya ile mifagio migeni: kanga, kanzu, sare za shule, soksi zisizo na pacha. Bi Mazoea alianika hadi pazia. Sultani Kinaya alivua joho lake, akalifua kwa mara ya kwanza maishani, vibaya, likawa linachuruzika. Shauku akatundika nepi mwishoni, kisha akaketi ukutani na mwanawe kifuani. Hakujua kama anambembeleza kwa usiku mmoja au kwa milele. Usingizi ukawazoa.

Wakaamka.

Huko kuamka kwenyewe kulikuwa ndiyo hukumu, nayo ilitolewa na mahakama wasiyoiona. Sultani akajigusa mashavu, akamtazama Shauku, akamwinamishia kichwa. Hapakuwa tena na mshitakiwa wa kuachiliwa wala mashitaka ya kufuta. Waziri akaitazama mifagio yake ya chelewa, na bila kuamrishwa akaigeuza upande wa maganda ya ndizi.

Kule Shirika, rundo la mifagio ya majani makavu halikuwapo. Nguo zao zilikuwa zimeanuliwa, zimekunjwa kwa mkunjo wa ajabu, mikono ndani kama mtu aliyesikia baridi. Na kwenye kamba zilezile zilitundikwa nguo nyingine, za mtindo usiojulikana, vifungo mgongoni. Vigauni vya watoto vilikuwa vingi, bado vibichi.

Shauku alikuwa akivigusa kimoja kimoja, akijiuliza mama yao anaitwaje, tone la mvua lilipomwangukia kwenye paji la uso.

"Anueni!" alisema. "Zitalowa tena!"

Wakakimbia wote. Waziri Uchu, mikono yake mirefu imejaa vigauni vya wasiowajua, aliona vijana wakicheka na kugongana mabeseni, akawageukia, kidole mdomoni.

"Taratibu, jamani," alinong'ona. "Watu wamelala."