Sauti ya Kabeya katika Mashine

Bilonda alikuwa akimenya mihogo nje ya nyumba yake katika kambi ya wachimba mgodi ya Musonoi, mzungu mmoja mkusanya nyimbo aliposhusha garini mashine ya kunasia sauti. Mzungu huyo alikuwa ametokea Sandoa, akijifunza muziki wa vyama vya udugu: nani huanzisha, nani huitikia, wimbo gani humwingiza mgeni chamani.

Chama cha kuzikana cha Wakasai, wafanyakazi waliotoka Kasai, kilimwimbia huku mlango umefungwa, maana kukutana bila ruhusa kuliwafukuzisha watu kambini. Kila ndugu alikuwa na sauti yake, na sauti ya marehemu hairithiwi mpaka azikwe. Kabeya, mume wa Bilonda, alifukiwa na ukuta wa mgodi ulioporomoka mvua zilipoanza. Wakubwa wa mgodi walisema ametoroka, hawakumchimbua. Basi sauti yake iliendelea kuimba kwenye kigoda chake kitupu, imekwaruzwa kidogo na vumbi. Siku hiyo ilitaja hata mahali alipolala chini ya ukuta. Mashine ikanasa yote.

Bilonda alikuwa ameamriwa ahame. Nyumba za kambi hazikuwa za wake wa watoro.

"Tata Ngeleka," alimwambia mkuu wa chama, "muzungu apeleke mashine kwa shefu wa kambi. Asikie bwana yangu alikufa. Bamuchimbe, tumuzike."

"Mama, bakisikia wimbo yetu, batatufunga shiye bote."

"Mi naogopa kupita weye."

Wakaenda na mzungu na mashine yake. Shefu, Mbelgiji mnene aliyesimamia kambi, alisikiliza mpaka mwisho, akaomba irudiwe.

"Huyu ni Kabeya," alisema. "Najua sauti yake."

"Ndiyo, bwana. Alikufa."

"Muntu anaimba haiko mufu. Ni mutoro. Kesho akuwe kazini. Asipokuja, weye na batoto mutatoka kwa nyumba."

Jioni Bilonda alipiga magoti mbele ya kigoda cha Kabeya. Aliona haya, lakini hofu ilizidi.

"Tata ya batoto," alisema akilia, "batatufukuza. Urudi kazini kesho."

Asubuhi king'ora kilipolia, Kabeya alipita na wenzake wa zamu, koleo begani, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Msimamizi alimgombeza kwa utoro, akamrudisha sehemu yake ya zamani. Bilonda alitaka kumwita, akaogopa atageuka. Nyuma ya Kabeya alifuata Ngeleka, kisha wengine, wote wakapita chini ya ukuta uleule uliomfukia, ambao hakuna aliyekuwa ameutengeneza.