Masikio ya Panya wa Droo ya Kumi na Nne

Ijumaa saa nane mchana droo ya kumi na nne ingefutwa kwenye orodha yetu, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Hemal, mkuu wangu wa kazi, alinipa habari hiyo huku akimenya chungwa juu ya kibodi, jambo ambalo yeye mwenyewe ametukataza kwa maandishi.

"Kadi elfu moja mia mbili, Najla. Katika kila kumi, nane hazilingani na daftari la uzazi. Tutaandika 'hazitegemeki', basi."

Kazi yetu, kwenye hifadhi moja ya nyaraka za sayansi katikati ya London, ni kuingiza kwenye kompyuta kadi za panya wa maabara wa zamani. Baada ya mabomu ya nyuklia wanasayansi walitaka kujua mionzi inamwachia mtu nini cha kurithisha watoto wake. Mtu humpigi eksirei ukangoja wajukuu, kwa hiyo wakatumia panya. Madume yalipigwa eksirei, kisha yakaozwa kwa majike yenye sifa saba zinazojificha: macho ya waridi, masikio mafupi, mabaka meupe na nyinginezo. Sifa hizo hazitokezi kwa mtoto mpaka baba naye atoe jeni iliyoharibika mahali hapohapo. Watoto karibu wote hutoka kijivu. Akizaliwa mmoja mwenye mabaka, umeshajua kuwa mionzi imeigusa mbegu ya baba. Ni mmoja katika maelfu, na ili kumpata lazima mtu akae avitazame vitoto vya panya, kijivu, kijivu, kijivu, miezi nenda miezi rudi.

Kwa droo ya kumi na nne, mtu huyo alitia sahihi ya herufi mbili kila kadi: S.M. Sheikha Mbarouk, bibi yangu mzaa mama. Hemal nilikuwa sijamwambia.

Ukoo wetu wote unaijua hadithi yake. Kila Idi hutuonyesha kwa vidole viwili jinsi alivyokuwa akimnyanyua panya kwa mkia, "kama unavyoshika kifuniko cha birika." Halafu hufika kwa yule mtoto mwenye mabaka meupe tumboni aliyemwona yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, mwaka 1968. Daktari wa maabara aliitazama kadi, akafungua daftari, akasema haiwezekani: baba aliyeandikwa, namba kumi na tatu, alikuwa amekufa miezi mitano kabla mtoto hajazaliwa, na mimba ya panya ni ya wiki tatu tu. Mtoto akafutwa, na Bibi, kwa kosa la uzembe, akahamishiwa kuosha vizimba. Akifika hapo huvuta mtandio wake na kuuliza nani anataka chai.

Basi mchana ule sikula. Nilizitandaza kadi mezani, zilizolingana na daftari upande huu na zilizokataa upande ule. Zilizolingana zote zilikuwa za panya namba 11, 22 na 33. Zilizokataa zilisema 12 pale daftari liliposema 21, 30 badala ya 03, 23 badala ya 32. Namba zilikuwa zilezile, ila zimepinduka.

Nikamkimbilia Hemal. Alizitazama muda mrefu.

"Nzuri sana. Lakini siwezi kugeuza namba za watu kwa sababu zinanifurahisha. Hiyo si kumbukumbu, ni mapishi. Nataka mtu aliyekuwepo aniambie zilipinduka vipi. Watu wa 1968 wako wapi?"

"Mmoja yuko Tottenham," nikasema. "Leo anakaanga bajia."

Jioni nilimkuta jikoni, amekunja mikono ya kanzu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona mapema? Washakufukuza?"

"Bado. Bibi, wale panya wenu mlikuwa mkiwatambua vipi?"

"Kwa matundu ya masikio. Tundu la sikio la kulia ni moja, la kushoto ni kumi. Kushoto mawili na kulia moja, ishirini na moja. Hata mtoto mdogo anaweza."

"Na ukimshika, mgongo wake unakuwa kwako, au uso?"

Akageukia karai. "Bajia zinaungua."

Hazikuwa zikiungua.

"Bibi, ukimtazama panya usoni, kulia kwako ni kushoto kwake. Ishirini na moja inakuwa kumi na mbili. Kadi zako zote ziko hivyo."

"Miye niliandika nilichokiona! Miaka yote hii, leo unakuja na weye kuniambia mzembe?"

"Sijasema mzembe. Nasema ukizigeuza, zinakaa sawa. Na yule baba wa mtoto wa mabaka hakuwa kumi na tatu. Alikuwa thelathini na moja. Yupo daftarini, mzima, kapigwa eksirei mwezi wa tatu."

Akazima jiko. Akakaa kwenye kiti, kijiko cha matundu bado kinadondosha mafuta mapajani mwake.

"Basi mtoto wangu alikuwa na baba," akasema polepole.

"Siku zote. Lakini kesho kutwa droo inafutwa, naye humohumo, mpaka mtu aeleze namba zilipindukaje."

"Waambie nilikosea."

"Hiyo waliisema wao zamani, ndiyo ikakupeleka kwenye vizimba. Hemal anataka kujua mlivyokuwa mkifanya kazi."

Aliipangusa kanzu yake kwa kitambaa cha vyombo, akazidi kuichafua.

"Nitakwenda mwenyewe," akasema. "Ila mama yako asijue nitakachokisema huko."

Alhamisi asubuhi tulipanda treni ya Victoria Line pale Seven Sisters. Alikuwa amevaa buibui lake la harusini. Hemal alitupokea mlangoni, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama. Karibu sana kwetu."

"Marahaba. Mswahili wa wapi wewe?"

"Wa Kingsbury, hapahapa London, Mama. Lakini baba yangu wa Kisumu."

"Ndiyo maana Kiswahili chako kimevaa sweta," akasema Bibi, na nikaona mabega yake yameshuka kidogo.

Tukamkalisha. Hemal akamwekea mbele kadi moja, akasubiri. Bibi aliitazama sahihi yake, akaitazama dari, akanitazama mimi, kisha akayatoa yote kwa pumzi moja.

"Miye nilikuwa naogopa panya."

Akaisukumia kadi kwa Hemal.

"Hadi leo naogopa. Sijamshika hata mmoja. Sheria ilikuwa kila mtu amshike panya wake mwenyewe, mgongo wa panya ukimwelekea yeye, asome masikio, aandike. Nikataka kuacha siku ya kwanza, lakini nyumbani nina wadogo watatu na hapana mwingine mwenye kazi. Alikuwapo msichana mwenzangu wa Walthamstow, Irene. Yeye akichukia kuandika, miye nikichukia mikia. Tukapatana. Irene anamshika, mgongo kwake, miye nimekaa ng'ambo ya meza na kalamu, panya ananitazama usoni. Akisikia viatu vya daktari ananisukumia kizimba kitupu, nami najifanya nimetoka kumrejesha panya wangu."

Hemal alivua miwani akajifuta machozi ya kicheko.

"Bibi! Na kifuniko cha birika?"

"Hicho nimekishika kweli," akasema. "Kila siku saa nne, chai ya wafanyakazi."

Hemal hakuishia kwenye kicheko. Alichagua kadi mia bila kutazama, tukazigeuza moja moja na kuzilinganisha na daftari la uzazi. Bibi alikaa mikono mapajani kama anayengoja majibu ya hospitali. Tisini na saba zilikubali. Tatu zilikuwa makosa ya kawaida, wino umemwagika au namba imesahauliwa.

"Kila droo ina zake kama hizo," Hemal akasema. "Hii inabaki."

Kisha akaitafuta kadi ya mtoto wa mabaka. Ilikuwa imepigwa mstari mwekundu kona hadi kona, na juu yake, kwa mwandiko wa daktari, alama ya kuuliza. Akaiingiza kwenye kompyuta upya: baba, thelathini na moja. Mtoto akahesabiwa. Bibi aliuwekea mstari ule mwekundu kidole, akaufuata hadi mwisho, wala hakuvuta mtandio.

"Sasa lazima niandike maelezo," Hemal akasema. "Naweza kuweka 'kwa sababu ya mpangilio wa viti mezani'. Inatosha. Hakuna atakayeuliza."

"Ya viti hiyo haitoshi," Bibi akasema. "Atakayesoma atataka kujua kwa nini viti vilipangwa hivyo. Andika msaidizi, Sheikha Mbarouk, aliogopa panya. Na jina la Irene liandike sawa na langu, maana bila yeye hapana kadi hata moja."

Hemal akaandika, akamsomea, akamwomba atie sahihi. Safari hii alitia jina zima.

Nilidhani ataomba koti lake. Badala yake aliuliza kama droo ya kumi na tano nayo ipo, kwa kuwa alihamishwa mwezi wa sita, katikati ya droo hiyo, kwa hiyo nusu ya kadi zile lazima ziwe zake. Hemal alikwenda kuileta mwenyewe. Bibi akavaa miwani, akakunja mikono ya buibui, akachukua kadi ya kwanza.

"Ishirini na moja," akasoma.

Nikaandika kumi na mbili.